Tukitaka kujua kama dunia inapata nafuu, tuanze na vifo vya watoto kabla ya mistari ya umaskini

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kila mara mjadala wa hali ya dunia unapoibuka humu huishia pale pale. Upande mmoja unaleta chati ya Benki ya Dunia kuonyesha kwamba umaskini umeporomoka tangu mwaka 1990, upande wa pili unajibu kwa bei ya unga na vijana wasio na ajira, na kila mmoja anaondoka na msimamo aliokuja nao. Naomba tuupange upya mjadala huu. Hoja yangu ni kwamba takwimu zinazohusu watu hazilingani uzito, na kwamba anayetaka kujua kama ustawi wa binadamu unaongezeka anapaswa kuanza na zile zinazohesabu tukio lisilo na ubishi, yaani kuzaliwa na kufa, ndipo aende kwenye zile zinazotegemea mstari uliochorwa mezani na wataalamu.

Mwaka 1990, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai duniani, 93 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 37. Kwa hesabu ya vichwa, vifo vya watoto hao vilizidi milioni 12 mwaka 1990, na mwaka 2022 vilikuwa takriban milioni 4.9, ilhali katika kipindi hicho idadi ya watu duniani ilipanda kutoka kama bilioni 5.3 hadi bilioni 8. Naomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu ni nadra kukutana nalo katika takwimu za maendeleo: kiwango kimeshuka na idadi kamili nayo imeshuka. Mtu hawezi kusema kwamba nafuu hiyo imetokana tu na kuongezeka kwa idadi ya watu tunaogawanya nayo.

Kwa Tanzania, tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zinatoa mfululizo ambao kila mwenye nia njema anapaswa kuufahamu. Utafiti wa 2004/05 ulipata vifo 112 kwa kila vizazi hai 1,000, ule wa 2010 ukapata 81, wa 2015/16 ukapata 67, na wa 2022 ukapata 43. Kwa lugha nyingine, mwanzoni mwa karne hii mtoto mmoja katika kila tisa hakufika umri wa kuanza chekechea, na leo ni mmoja katika kila ishirini na watatu. Kwa mama aliyejifungua watoto watano au sita, tofauti hiyo ni kati ya kutarajia kuzika na kutarajia kulea.

Sababu zake zinajulikana, na ndiyo maana naziamini namba hizi. Akina mama wajawazito walipewa hati punguzo kliniki wakanunua vyandarua vyenye viuatilifu kwa bei nafuu, na baadaye vyandarua vikagawiwa bure. Dawa mseto ilichukua nafasi ya SP katika kutibu malaria isiyo kali. Chanjo mchanganyiko inayokinga magonjwa matano iliingia mwaka 2009, na chanjo za nimonia na kuhara zikafuata mwanzoni mwa 2013. Maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo yalikuwa asilimia 18 katika utafiti wa 2007/08 na asilimia 8 katika ule wa 2022. Takwimu ya vifo inaposhuka sambamba na takwimu ya ugonjwa unaoua, na zote mbili zikashuka baada ya hatua zinazojulikana, hapo tuna ushahidi wa kweli.

Inafaa pia kujua jinsi namba hizi zinavyopatikana, maana wengi hudhani zinatoka kwenye rejista za serikali. Katika nchi nyingi za Afrika hakuna rejista ya kutosha; utafiti wa 2015/16 ulionyesha kwamba ni kama mtoto mmoja tu kati ya wanne wa chini ya miaka mitano aliyekuwa amesajiliwa kuzaliwa nchini Tanzania. Badala yake, mdadisi huingia katika kaya iliyochaguliwa kwa sampuli, huketi na mwanamke mwenye umri wa miaka 15 hadi 49 mahali ambapo hawasikiki na watu wengine, na humwomba ataje watoto wote aliopata kuwazaa: wanaoishi naye, wanaoishi kwingine, na waliofariki. Kwa kila mtoto huuliza tarehe ya kuzaliwa, na kwa aliyefariki huuliza alikuwa na umri gani. Swali linalouliza kama amewahi kuzaa mtoto aliyelia au aliyeonyesha dalili ya uhai lakini akaishi muda mfupi limewekwa makusudi, kwa kuwa mtoto aliyefariki ndani ya saa chache, kabla hata ya kupewa jina, ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi katika hesabu.

Njia hii ina upungufu. Mama aliyefariki hawezi kuhojiwa, kwa hiyo watoto wake hawamo katika hesabu, na wakati UKIMWI ulipokuwa unaua mama na mtoto kwa pamoja, upungufu huo ulikuwa mkubwa. Hata hivyo swali lenyewe ni jepesi kulielewa. Mtoto yu hai au hayupo, na hakuna mama anayehitaji kukokotoa lolote ili alijibu.

Sasa tulinganishe na umaskini. Mstari wa umaskini uliokithiri ulianza kama dola moja kwa siku mwaka 1990, ukawa dola 1.25, kisha 1.90, kisha 2.15, na Juni 2025 ukawa dola 3.00. Kila badiliko lina maelezo yake ya kitaalamu kuhusu uwezo wa fedha kununua bidhaa katika nchi mbalimbali, na sisemi kwamba ni ulaghai. Lakini badiliko la mwisho peke yake liliongeza zaidi ya watu milioni 100 katika hesabu ya maskini wa dunia, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye maisha yake yalibadilika siku hiyo. Fundi anayepima ukuta kwa futi kamba inayobadilishwa kila baada ya miaka michache anaweza kutwambia kama ukuta unarefuka, endapo atarudi na kupima upya vipimo vyote vya zamani, lakini hawezi kutwambia kwa uhakika una urefu gani.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Sehemu kubwa sana ya kushuka kwa umaskini duniani ilitokea China, ambako takriban watu milioni 800 walivuka mstari katika miaka arobaini. Hilo ni tukio kubwa katika historia ya binadamu na linastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, mtu anapochukua wastani wa dunia uliobebwa na China na kuutumia kumwelezea mkulima wa Kigoma au mchimbaji wa Kolwezi kule Kongo, anatoa jibu la swali ambalo hakuulizwa. Afrika kusini mwa Sahara asilimia ya maskini ilipungua tangu 1990, lakini idadi yao iliongezeka kwa sababu watu waliongezeka haraka zaidi.

Mfano wa nyumbani unaliweka wazi. Kwa kipimo chetu wenyewe cha mahitaji ya msingi, umaskini Tanzania Bara ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 43,625,354 Tanzania Bara, kwa hiyo asilimia 28.2 ni kama watu milioni 12.3. Kufikia 2018 maskini walikadiriwa kuwa takriban milioni 14. Waziri anaweza kusema kwa ukweli kamili kwamba umaskini umepungua, na mpinzani wake anaweza kusema kwa ukweli kamili kwamba maskini wameongezeka. Swali la yupi kati yao anaeleza ustawi ni la kimaadili, na hakuna kanuni ya takwimu itakayolijibu kwa niaba yetu. Mimi binafsi naona kwamba anayehesabu mateso ya watu lazima ahesabu watu, na asilimia inakuja baadaye.

Kuhusu njaa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kipimo chake ni dhaifu zaidi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba watu milioni 673 walikuwa na njaa mwaka 2024, na kati yao milioni 307 walikuwa Afrika. Makadirio hayo hutegemea kwa sehemu kubwa chakula kilichopo nchini na namna kinavyodhaniwa kugawanyika, na kiwango cha nishati kinachotumika ni cha mtu mwenye shughuli nyepesi. Mwanamke anayelima kwa jembe la mkono na kubeba maji kutoka bondeni hana shughuli nyepesi.

Kipimo cha urefu wa mtoto kinasema ukweli zaidi kuliko mizani ya chakula cha taifa. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba udumavu Tanzania ulikuwa asilimia 30, na kwamba mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa kwa asilimia 56.9, Njombe kwa 50.4 na Rukwa kwa 49.8. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Ghala limejaa na mtoto amedumaa, kwa sababu anakula uji wa aina moja, mama yake yuko shambani tangu alfajiri, na kuhara kunamrudisha nyuma kila anapoanza kunenepa.

Mwisho, naomba tuache makosa mawili yanayojirudia humu. La kwanza ni kudhani kwamba pale matarajio ya kuishi yalipokuwa miaka 45, watu walikuwa wanakufa wakiwa na miaka 45. Chukua watoto kumi. Watatu wakifariki wakiwa wachanga na saba wakiishi hadi miaka 65, wastani ni miaka 45 na nusu, ingawa hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na umri unaokaribia huo. Ndiyo maana wazee walikuwepo kila kijiji hata zamani, na ndiyo maana kupungua kwa vifo vya watoto kunapandisha wastani kwa kasi.

Kosa la pili ni kulinganisha vifo kwa kila watu 1,000 baina ya nchi. Kwa kipimo hicho Japani ina vifo kama 12 au 13 kwa mwaka, Tanzania kama 6, na Qatar chini ya 3. Anayesoma bila kufikiri atahitimisha kwamba Mtanzania ana afya mara mbili ya Mjapani. Ukweli ni kwamba Japani imejaa wazee, Tanzania nusu ya watu wana umri usiozidi miaka 18 hivi, na Qatar imejaa vibarua vijana waliotoka nchi nyingine, wakiwemo wa kwetu, ambao wakiugua sana hurejeshwa makwao na kuwa hesabu ya nchi nyingine. Takwimu yoyote ya watu isiyozingatia umri inapotosha.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, aliyekuwa karani wa sensa

Mkuu, uzi umetulia. Niliwahi kuwa karani katika sensa ya 2012, wakati ule tukitumia madodoso ya karatasi kabla ya vishikwambi vya 2022, na nina swali zito kuhusu hiki unachokiita tukio lisilo na ubishi.

Tatizo kubwa tulilokutana nalo vijijini lilikuwa umri. Mzee akiulizwa, anakwambia alizaliwa mwaka wa njaa. Tulikuwa na kalenda ya matukio: Uhuru, Mapinduzi ya Zanzibar, Azimio la Arusha, Vita vya Kagera, mvua za El Nino. Unamuuliza kama wakati wa Azimio alikuwa ameshaoa, kama mtoto wake wa kwanza alikuwa anatembea, na mnakubaliana umri. Mara nyingi mnakubaliana 60 au 65, maana namba hizo zinakaa vizuri mdomoni. Ukichora idadi ya watu kwa umri, unaona milima kwenye 40, 45, 50, 55, na mabonde katikati. Sasa kama umri wa walio hai tunaukadiria hivyo, umri wa mtoto aliyefariki miaka kumi iliyopita tunaujuaje?

Halafu kuna nchi ambazo hazina hata hiyo sensa. Kongo ilifanya sensa mara ya mwisho mwaka 1984, ikiwa bado Zaire. Nigeria mara ya mwisho ni 2006. Unapotwambia dunia ina watu bilioni 8, sehemu ya hao ni makadirio juu ya makadirio.

Mleta uzi

Ndugu karani, maelezo yako ni ya mtu aliyeshika kalamu mwenyewe, na swali lako ni la haki.

Kuhusu umri wa mtoto aliyefariki, kurundikana huko kupo. Akina mama wengi hutaja miezi 12 hata kama mtoto alifariki akiwa na miezi 10 au 14, na hilo linahamisha baadhi ya vifo kutoka kundi la wachanga wa chini ya mwaka mmoja kwenda kundi la juu yake. Ndiyo sababu kipimo cha miaka mitano kina nguvu zaidi kuliko cha mwaka mmoja: kosa la miezi michache katikati haliwezi kukitikisa, kwa kuwa mtoto aliyefariki akiwa na miezi 10 na aliyefariki akiwa na miezi 14 wote wamo. Milima na mabonde uliyoyaona wewe yanaharibu zaidi hesabu za watu wazima, na nakubali kwamba takwimu za vifo vya watu wazima barani Afrika ni hafifu kuliko za watoto. Sitamlaumu anayetilia shaka matarajio ya kuishi ya nchi isiyosajili vifo. Nitamwomba tu asiitumie shaka hiyo kufuta namba ya watoto, ambayo imejengwa kwa njia nyingine.

Kuhusu Kongo, umegusa kidonda. Kutokuwepo kwa sensa tangu 1984 hakumaanishi kwamba hatujui chochote, kwa sababu tafiti za kaya zilifanyika mwaka 2007, 2013/14 na 2023/24, na viwango vya vifo vinatokana na tafiti hizo. Lakini sampuli ya kaya huchaguliwa kutoka orodha ya maeneo ya kuhesabia, na orodha hiyo ni mtoto wa sensa. Nchi isipohesabu watu kwa miaka arobaini, mitaa mipya ya Kinshasa na Goma na kambi za waliokimbia vita huwakilishwa kwa kubahatisha. Na hapo ndipo ubaya ulipo: watu wanaokosekana kwenye orodha ndio wenye uwezekano mkubwa wa kufiwa. Kwa hiyo kosa la takwimu katika nchi zenye vita haliendi pande zote mbili kwa usawa. Kwa kawaida linaficha maumivu.

Nasisitiza hili kwa sababu zaidi ya nusu ya vifo vyote vya watoto wadogo duniani sasa vinatokea Afrika kusini mwa Sahara. Dunia inapojitathmini, inajitathmini kwa kutumia takwimu ambazo sehemu yake muhimu kuliko zote inakusanywa kwa shida kuliko kwingine kokote.

Mchangiaji, muuguzi mkunga mstaafu

Mwanangu, nimesoma yote. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi katika mikoa ya nyanda za juu kusini, na naomba kuuliza kuhusu akina mama. Tulitangaziwa kwamba vifo vya wajawazito vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104. Nilifurahi, lakini nikajiuliza. Vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji nimeviona, magari ya wagonjwa nimeyaona, na nakubali hali si ile ya zamani. Ila kushuka mara tano ndani ya miaka sita au saba, na wakati huohuo vichanga wanaendelea kufariki kama zamani? Mama na kichanga hupita mlango mmoja. Sisi tuliokaa leba tunajua kwamba kinachomwokoa mama mara nyingi ndicho kinachomwokoa mtoto.

Mleta uzi

Shikamoo mama, na asante sana. Umeuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa na waandishi wa habari siku ile ile.

Kifo cha uzazi ni tukio la nadra kitakwimu, hata pale kilipo kingi kupita kiasi kibinadamu. Ili kukipima, mdadisi humwomba mwanamke ataje ndugu zake wote wa tumbo moja, na kwa kila dada aliyefariki huuliza kama alikuwa mjamzito, kama alikuwa anajifungua, au kama ilikuwa ndani ya siku 42 baada ya kujifungua. Katika utafiti mzima, vifo vinavyopatikana kwa njia hiyo ni vichache, na vifo vichache vikiongezeka au vikipungua kidogo tu, kiwango kinayumba sana. Hiyo 556 ya mwaka 2015/16 ilitolewa pamoja na wigo wa uhakika wa asilimia 95 kutoka 446 hadi 666, yaani kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya namba hizo mbili. Utafiti wa 2010 ulikuwa umepata 454, kwa hiyo tungezisoma namba hizo kama zilivyo tungesema hali ilikuwa mbaya zaidi kati ya 2010 na 2015, jambo ambalo hakuna mkunga aliyeliona. Kwa upande mwingine, makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020, ambayo huchanganya vyanzo mbalimbali, yaliiweka Tanzania kwenye 238.

Kwa hiyo ninavyosoma mimi, vifo vya uzazi vimeshuka kweli na vimeshuka sana, lakini anayesema kwa uhakika kwamba ni 104 anaipa namba hiyo uzito isioweza kuubeba. Mwelekeo tunaujua kuliko tunavyoijua namba yenyewe.

Na kuhusu vichanga, mama, umeweka kidole mahali penyewe. Vifo vya watoto ndani ya siku 28 za kwanza vilikuwa 32 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2004/05, vikawa 26 mwaka 2010, 25 mwaka 2015/16, na 24 mwaka 2022. Yaani katika kipindi ambacho vifo vya chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 81 hadi 43, vichanga walipata nafuu ya wawili tu katika elfu. Mwaka 2010 kichanga alikuwa chini ya theluthi moja ya vifo hivyo. Mwaka 2022 alikuwa zaidi ya nusu.

Hapa takwimu inatueleza jambo ambalo wastani wa dunia hauwezi kulieleza. Nafuu tuliyoipata ilitokana na vitu vinavyoweza kupelekwa kijijini kwa gari moja na kutumika nyumbani au kwenye zahanati: chandarua, kidonge, sindano ya chanjo. Kilichobaki hakipelekwi hivyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa au aliyepata maambukizi siku ya tatu anahitaji mkunga aliyefunzwa, mfuko na barakoa ya kumpumulisha vilivyo karibu na kitanda, oksijeni, umeme usiokatika, na mtu wa kukesha naye. Wanaochora mstari wa miaka thelathini iliyopita na kuurefusha mbele wakidhani utaendelea kushuka kwa mwendo ule ule wanasahau kwamba sehemu rahisi ya kazi ndiyo iliyokwisha.

Mchangiaji mwingine

Mkuu, nakubaliana na hesabu zako lakini sikubaliani na kuanzia kwako. Kutokufa si ustawi. Kijana aliyepona surua mwaka 1998 leo ana miaka ishirini na zaidi, ana shahada, na anaendesha bodaboda ya mkataba. Ukimwambia takwimu za dunia zimeboreka atakuona unamkejeli. Kwa nini kifo kiwe kipimo cha maisha?

Mleta uzi

Sikudai kwamba kubaki hai ndio ustawi wote. Kijana unayemweleza ana haki ya kulalamika, na malalamiko yake hayafutwi na chati yoyote. Nilichodai ni kwamba takwimu za vifo ni mahali imara pa kusimama tunapoanza, na zina sifa moja ambayo takwimu za uchumi hazina: hugundua maradhi ya jamii mapema, hata pale serikali inapojisifu.

Urusi ya Kisovieti ilitangaza ongezeko la uzalishaji kila mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vifo vya watoto wachanga nchini humo vilianza kupanda, na serikali ikaacha kuvichapisha. Takwimu za chuma na mafuta zilipokuwa zinasema mambo ni mazuri, za vichanga zilikuwa zimeshasema vingine. Muungano ule ulipovunjika, matarajio ya kuishi ya wanaume wa Urusi yaliporomoka hadi chini ya miaka 58 mwaka 1994, jambo ambalo halikuwa limetokea katika nchi yenye viwanda wakati wa amani. Marekani nayo, ikiwa na uchumi unaokua, iliona matarajio ya kuishi yakipungua kidogo kati ya 2014 na 2017 kwa sababu ya dawa za kulevya, pombe na watu kujiua, hata kabla ya UVIKO. Watu walikata tamaa, na kukata tamaa kwao kuliandikwa kwenye vyeti vya vifo kabla hakujaonekana kwenye pato la taifa. Kwa hiyo hata kijana wako wa bodaboda, akifika mahali pa kuvunjika, takwimu nitakayoiamini kumwona mapema ni hiyo hiyo ninayoitetea.

Kwetu kusini mwa Afrika funzo lilikuwa chungu zaidi. Botswana ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokua kiuchumi kwa kasi kubwa duniani, almasi zikauzwa, barabara zikajengwa, na wakati huohuo UKIMWI ukapunguza matarajio ya kuishi kwa zaidi ya miaka kumi. Aliyetazama pato la taifa aliona mafanikio. Aliyetazama vifo aliona makaburi mapya kila Jumamosi, na ni yeye aliyekuwa na sababu ya kudai dawa za kufubaza virusi zigawiwe bure, kama ilivyokuja kufanyika kuanzia 2002.

Nimalizie na jambo linalonitia hofu. Tafiti nyingi nilizozitaja, za Tanzania, Kongo na kwingineko, zilifanyika chini ya mpango wa tafiti za afya na watu uliokuwa unafadhiliwa na Marekani tangu mwaka 1984, ukiwa umeshafanya tafiti zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 90. Februari 2025 ufadhili huo ulisitishwa kwa amri ya serikali ya Marekani, na tafiti zilizokuwa njiani katika nchi kadhaa zikakwama. Ofisi zetu za takwimu, Bara na Zanzibar, zina wataalamu wenye uwezo wa kufanya kazi hii. Kinachotakiwa ni bajeti, na bajeti ya kupima vifo haina mwanasiasa anayeipigania, kwa kuwa haizinduliwi kwa kukata utepe. Wabunge watakaosoma uzi huu waulize katika kikao kijacho cha bajeti kama fedha za utafiti utakaofuata ule wa 2022 zimetengwa, na kiasi gani. Ukifanyika, namba ya kwanza nitakayoitafuta katika jedwali la vifo ni ya siku 28 za kwanza, nione kama imetoka kwenye 24.